Orodha ya Nyamusanzu

Nimeianza orodha nyuma ya daftari la madeni,
ukurasa ambao haujapata mdaiwa.
Jumamosi ya pili ya Mei. Si Agosti.
Agosti watu huchoma mashamba, anga hupauka,
unafika juu, huoni ziwa, waona moshi
na kisogo cha mwenzio.
Mei mvua huwa imekwisha kuifua mbingu,
imeianika, haijakauka bado.

Basi la saa kumi na mbili kutoka Mwanga,
viti vya kushoto, upande wa bonde.
Mihogo ya kuchemsha. Dagaa wa mawese,
wafungwe mara mbili: sweta la Yustina
halijaisahau safari ya Kasulu.
Maji. Dawa ya mama ya presha.
Limau moja, kwa ajili ya Bahome
na zile kona za kupanda Manyovu.

Nimempigia mtunza bustani, Gwimo.
Sauti inakuja na kuzama
kama ya mtu anayeongea huku akichota.
"Ngazi ni mia mbili na kumi na nane," kasema,
"nimezichimba mwenyewe, nazijua kwa majina.
Pa kutazamia ni mahali patatu.
Pa kwanza waona kahawa na mabati ya Buhigwe.
Pa pili waona Burundi, hadi nguo walizoanika.
Pa tatu..."
Simu ikakatika.
Nikaandika "pa tatu", nikaacha nafasi.

Mama alikuwa akichambua maharage, hakuinua uso.
"Mlima gani huo?"
"Nyamusanzu."
Mkono ukasimama juu ya ungo.
"Mlima nilioupanda na debe kichwani
asubuhi na jioni, mpaka utosi ukaota bonde,
leo niupande kwa kiingilio?
Nikatazame nini?
Mgongo wangu niliouacha kule?"

Sikuwa na jibu. Nililifuta jina lake kwa kifutio,
lakini penseli ilikuwa imekandamiza;
ukiliinamisha daftari kwenye taa, bado lasomeka:
Anzerani, kiti cha dirishani.

Siku mbili hatukuutaja mlima.
Nikapunguza mihogo. Nikatoa nauli moja.
Jumla ikapungua, safari ikarefuka.

Jana usiku umeme ulikatika.
Sauti ikavuka pazia:
"Huyo Gwimo wako, kapanda nini huko?"
Mawaridi, nikasema. Mayungiyungi.
Kahawa kando ya ngazi, nasikia imechanua.
"Haichanui Mei."
Basi labda amenidanganya.
"Na pale penye jiwe lenye mgongo wa ng'ombe?"
Sijui, mama.

Akanyamaza kiasi cha kunifanya nidhani amelala.

"Pale ndipo tulipokuwa tukitua.
Tulikuwa wasichana watano. Ziwa lilikuwa nyuma yetu,
walisema linaonekana lote, hadi milima ya Kongo.
Sikuliona hata siku moja.
Ukitua, unatazama debe lisipinduke.
Ukijitwisha, unatazama miguu.
Ukigeuka, maji yanamwagika,
na yakimwagika, unarudi mtoni."

Nimewasha tochi ya simu chini ya shuka
kama mwanafunzi wa bweni,
na kwenye ile nafasi nimeandika: jiwe, mgongo wa ng'ombe.
Nauli nimeirudisha. Mihogo miwili zaidi.
Fimbo. Kigoda kidogo, Bahome atakibeba.
Tutapumzika kila ngazi ya kumi,
hata jua likitupita, litupite,
na tukifika pale, tutageuka.

Asubuhi nimemkuta mlangoni na sindano,
anashona kifuko kwa kipande cha kitenge kuukuu.
Nimeuliza cha nini.
"Vipandikizi," kasema, uzi ukiwa menoni.
"Kiingilio mtalipa ninyi.
Mimi kule sijawahi kushuka mikono mitupu."